Meza ya Mara Moja

Kila asubuhi Mama Pindo alianza kazi kwa kuitafuta meza yake. Meza haikupotea. Ilikuwa palepale sebuleni, kando ya cherehani. Ila ilikuwa imezikwa. Juu yake kulikuwa na kofia ya mumewe, mkoba wa shule wa binti yao, simu mbili kwenye chaji, magazeti, vikombe vya jana, na chupa ya mafuta ya kuchulia magoti ya mama mkwe.

Kila mtu alikuwa na neno moja: "Naweka hapa mara moja." Mara moja gani isiyokwisha? Kofia ile ilikaa pale wiki nzima kama mpangaji.

Majirani walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo za nguo alizoshona hazikufumuka. Alikuwa mpole. Watu wa nyumbani kwake waliuona upole huo, wakaufanya ruhusa.

Siku moja alikuwa anamalizia gauni jeupe la harusi. Jioni shangazi wa bibi harusi angekuja kulichukua. Mama Pindo akahitaji mkasi. Mkasi ulikuwa chini ya magazeti, ng'ambo ya vikombe. Akanyoosha mkono wake wa kulia, ambao bega lake lilimuuma tangu zamani kwa kunyoosha hivyo hivyo. Kiwiko kikaigonga chupa. Kifuniko kilikuwa hakijakazwa. Mafuta yakamwagika kifuani mwa gauni.

Mama Pindo aliduwaa. Gauni likiharibika, bibi harusi hana la kuvaa, na yeye jina lake limekwisha.

"Si ungeisogeza tu, mwanangu?" mama mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake.

Hapo ndipo hasira zilipompanda. Alilitundika gauni ukutani. Akachukua beseni, akazoa kila kitu kilichokuwa mezani, hata mkoba wa shule. Akatoka nalo hadi karakana ya mumewe nyuma ya nyumba.

Mumewe alikuwa seremala. Benchi lake lilijulikana mtaa mzima. Misumeno ilining'inia ukutani kwa mpangilio, randa na patasi zilikaa karibu na mkono wake. Hakuna aliyethubutu kuweka hata kikombe pale. Mama Pindo akalimimina beseni lote juu ya ubao ambao mumewe alikuwa anaupiga randa.

"Naweka hapa mara moja," akasema.

"Una nini leo? Hapa ni kazini, mama."

"Na kule kwangu ni wapi?"

Seremala akafikiri. "Kule ni mezani."

"Mezani," Mama Pindo akarudia. "Nashona pale tangu uliponioa. Viatu vya mtoto vinatoka pale. Dawa za mama yako zinatoka pale. Leo gauni la mtu limeharibika pale, na bega langu limekufa pale. Lakini benchi lako ni kazini, na langu ni mezani."

Jirani yao, Bibi Afya, aliyasikia yote kutoka uani kwake, akaja. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kulinda afya zao kazini. Kwanza aliliokoa gauni. Alinyunyiza poda juu ya doa ili inyonye mafuta. Baadaye akaikung'uta poda, akapaka sabuni ya kuoshea vyombo, akalisuuza taratibu bila kusugua kwa nguvu. Alimwonya Mama Pindo asilipige pasi kabla doa halijatoka, maana joto hulikaza.

Wakati poda inanyonya, alirudi karakana, akamgeukia seremala. Akamuuliza kwa nini randa iko hapa na misumeno iko kule.

Seremala akajibu kwa fahari. "Ninachokishika kila wakati kinakaa karibu, nisijinyooshe. Ninachokitumia mara chache kinakaa ukutani. Kisichohusu kazi hakiingii humu."

"Kumbe unajua," Bibi Afya akasema. "Basi kwa nini mkeo anajinyoosha?"

Seremala akainamisha kichwa. Aibu ilimshika, na ilistahili kumshika.

Waliingia ndani pamoja. Bibi Afya akawaeleza kwamba katikati ya meza ya kazi panabaki wazi. Mkasi, chaki na tepu vikae upande wa mkono unaofanya kazi. Pini zikae kwenye kopo lenye kifuniko. Chai inywewe pengine. Meza ilingane na kiwiko cha aliyekaa, asiinue mabega. Anayetumia mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, mkono usimtie kivuli. Ainuke mara kwa mara ajinyooshe. Mkono ukianza kufa ganzi, aende hospitali.

Seremala akapima kiwiko cha mkewe, akaipunguza miguu ya meza, akaigeuza kuelekea dirishani. Kisha akapigilia rafu mlangoni kwa ajili ya kofia, mikoba, simu na mafuta ya magoti. Binti akaandika juu yake kwa chaki: MARA MOJA.

Doa lilitoka. Shangazi alipofika jioni, aliligeuza gauni mbele na nyuma, akaondoka nalo akitabasamu.

Bega halikupona siku moja, lakini lilizidi kupata nafuu. Sasa Mama Pindo aliushika mkasi bila kuutafuta.

Siku nyingine shangazi yule alirudi na vitambaa vya kwaya nzima. Alipokaribishwa, akauelekeza mkoba wake kwenye meza ya kazi.

"Naweka hapa mara moja," akasema.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kumjibu, kutoka kwenye kiti chake.

"Mara moja iko pale mlangoni, mwanangu. Hapo ni kazini."