Spika ya Kati

Jua lilikuwa linazama fundi Masikio alipobisha hodi kwa mjane mmoja, mkoba wa vifaa begani. Jina hilo walimbandika wenzake, kwa sababu alikuwa na kawaida ya kusikia ubovu kabla hajafungua hata skrubu. Kazi yenyewe aliiona ya kawaida tu. Spika za nyuma zinakoroma. Waya umelegea, basi.

Sebule ilikuwa safi kupita kiasi. Sabufa pembeni, spika mbele, spika nyuma ya kochi, na moja ndefu imelala chini ya televisheni, ile ya kati, inayotoa maneno ya waigizaji. Mjane alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Alieleza kwamba vyombo vile vilikuwa ugonjwa wa marehemu mume wake. Yeye hakuwa na haja navyo, ila mkoromo ulimnyima usingizi.

"Hata nikizima," aliongeza.

Masikio alitabasamu. Wateja wengi husema hivyo.

Akakaza nyaya za nyuma, mkoromo ukakatika. Akaweka filamu kujaribu. Muziki ulitoka vizuri. Milango ikabamizwa, nyayo zikapita nyuma ya kochi. Lakini watu walipofungua midomo... kimya.

Akabadilisha waya wa spika ya kati. Kimya. Akauchomeka waya uleule kwenye spika nyingine, maneno yakatoka bila tatizo. Basi ubovu ulikuwa ndani ya spika yenyewe.

"Hiyo iache," mjane alisema.

Masikio alidhani mama wa watu anaona haya kumsumbua. Akamtoa wasiwasi kwamba ni jambo dogo, huku bisibisi ikizunguka. Mjane alisimama. Akakaa tena.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Udi, na chini ya udi, kitu kilichooza.

Nyuma ya ngoma ya spika kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi, kimezongwa uzi mwekundu. Akakivuta. Kilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu. Uzi ukakatika.

Likadondoka jino.

Jino la mtu mzima.

Masikio akaruka ukutani, akachomoa plagi. Taa za amplifaya zikazimika zote.

Ndipo spika ilipokohoa.

Ilikohoa taratibu, kama mtu anayesafisha koo baada ya kulala sana.

"Mama watoto..."

Mjane aliziba masikio kwa viganja.

"Mama watoto... uliniwekea nini kwenye chai?"

Mwanamke yule aliteleza kutoka kitini, akatambaa hadi miguuni kwa fundi. Sauti yake haikuzidi pumzi.

"Kirudishe, kaka yangu. Kirudishe kabla hajamaliza."

Masikio alikitazama kifurushi mkononi.

"Fundi," spika ikasema, bila hasira yoyote. "Usinifunge."

Hakukirudisha. Wala hakubaki. Alikiangusha sakafuni, akatoka mbio, vifaa vyake vyote akaviacha pale. Alipofika barabarani bado alisikia sauti ya mwanamume ikizungumza, polepole, kama mtu anayesimulia jambo tangu mwanzo wake. Na katikati yake, sauti ya mwanamke ikiitikia.

Ndiyo... Ndiyo... Ndiyo.

Kesho yake majirani walimkuta mjane sakafuni, mzima, macho wazi, hasemi. Hospitali hawakuona ugonjwa. Ndugu zake wakamchukua kwao, na mpaka leo hajatamka neno. Kila aliyemuuliza Masikio aliambiwa kwamba fundi alikaza nyaya, akaenda zake.

Miezi ikapita. Jioni moja mwanamke mmoja mwenye heshima zake aliingia kibandani kwa Masikio, akajitambulisha kuwa ni dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyemlea tangu utotoni. Masikio alimpa pole na kumsogezea kiti. Hakukaa. Alisukuma mlango ukafungika nyuma yake, akasogea hadi fundi akaisikia pumzi yake.

Hakuuliza habari za wifi yake. Hakuuliza mdogo wake aliuawa na nini.

"Fundi," alinong'ona, "alipokuwa anasema... na mimi alinitaja?"