Mkasi wa Mkono wa Kushoto

Saa nne asubuhi, katikati ya vurugu za soko la Ruvumera, Lubna alishika kitenge cha zambarau kwa mkono wa kushoto, na mkono wa mtu mwingine ukakivuta upande wa pili. Akainua macho. Rachidi. Kati ya watu wote wa Bujumbura!

"We bado uko hai?" akamwuliza.

"Mi ndiyo ningekuuliza hivyo, sheri."

"Usiniite sheri. Mi si mpenzi wako tena."

Lubna alikuwa amependeza, tusifiche: gauni la njano, hereni kubwa, nywele fupi zilizoota upya baada ya dawa za kansa. Miezi minane iliyopita, alipopona, alirudi kwenye atelie ya kushonea ya Madamu Spéciose, mtaa wa Mutanga Sud, alikokata nguo miaka tisa. Madamu hakumpa hata kiti. "Nenda upumzike, binti. Mkono wa kulia umevimba, pasi utaiweza wapi? Wateja wataogopa." Kazini, habari za mkono huo uliovimba tangu matibabu alizijua mtu mmoja tu: Rachidi, mpenzi wake, fundi wa cherehani palepale. Tangu hapo Lubna hakupokea simu zake, na kila alfajiri aliomba wote wawili wakione cha mtema kuni.

"Uliniuza," akasema.

"Apana. Nilimwambia Madamu akupe meza ya kukatia tu, pasi nitapiga mi. Nilitaka urudi. Yeye akachukua maneno yangu akakufukuza nayo. Wiki ile ile nikaacha kazi. Muulize dada yako Assia, nimepiga simu mpaka amenichoka."

"Ungeniuliza kwanza. Mkono ni wangu."

"Ni kweli. Nilikosa."

Hakujitetea zaidi, na hilo likamlainisha Lubna. Kidogo tu. Rachidi akatoa mfukoni kitu kilichofungwa gazeti.

"Assia aliniambia unajifunza kukata kwa kushoto. Huu nimeutafuta mpaka Uvira kule Kongo, natembea nao nikingoja kukuona."

Ulikuwa mkasi wa mashoto. Lubna akauingiza vidoleni, ukakaa. Miezi minane nyumbani kwake Kanyosha alikuwa akipambana na mikasi ya kawaida inayotafuna kitambaa, dole gumba likitoka malengelenge. Machozi yakamjia, akayakasirikia.

"Nioe basi," akasema. "Lakini atelie tunafungua mbele ya mlango wa Spéciose. Si pembeni. Mbele."

"Una roho mbaya, mupenzi."

"Sana."

Walifunga ndoa mwezi wa tano, wakafungua atelie mwezi wa sita. Lubna alikata, Rachidi akashona na kupiga pasi. Wanawake matajiri wa mtaa wa Kiriri, wateja wa Spéciose, wakaanza kuvuka barabara na vitambaa vyao vya imvutano, vazi la harusini, mmoja leo, watatu kesho. Mwisho akavuka Spéciose mwenyewe, kilemba kimemlegea.

"Binti yangu, mafundi wangu wananiharibia nguo. Rudi. Meza yako ipo, na pasi hutaigusa."

Lubna akamtazama mama huyo kuanzia viatu hadi kilemba, bila haraka. Alikuwa ameisubiri siku hiyo, na ilikuwa tamu.

"Nenda upumzike, Madamu," akasema. "Wateja wataogopa."

Kisha akaendelea kukata.