Gauni Lililorudishwa

Walikutana soko la Kimironko, kila mmoja ameng'ang'ania ncha ya kitenge kimoja cha bluu, cha mwisho mezani. Kaliza hakuachia. Maneno, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, akacheka: "Chukua, dada, ila nikushonee mimi." Kaliza akampa kitenge akishone, na moyo ukafuata.

Kaliza alikuwa mtu wa maabara. Yeye na wenzake walitengeneza jeli ya kuwekwa ndani ya jicho, iachie dawa kidogo kidogo kwa miezi, ili wagonjwa wa retina, utando wa nyuma ya jicho, wasichomwe sindano ya jicho kila mara. Kwenye simu, kwenye chai, habari ni jeli tu.

"Wanaume wazima wanaikimbia sindano, shenge, kipenzi changu," alimwambia Maneno jioni moja akicheka. "Waoga wale. Bora wapofuke."

Maneno hakucheka.

Gauni likaja mishono imekwenda upogo, bega moja limepanda. Kaliza wa watu! Alilirudisha Biryogo mwenyewe, akalitupa juu ya cherehani mbele ya wateja, akamwambia mkono hufuata moyo, na moyo wake bila shaka uko kwa mwanamke mwingine. Maneno alilikunja, akaliweka kando. Baada ya hapo hakupokea simu, na Kaliza akaona huo ndio ushahidi.

Mwezi uliofuata alikwenda kliniki ya macho kuwaeleza madaktari habari za jeli. Kwenye benchi la wanaosubiri sindano alikaa Maneno, shati limepigwa pasi vizuri, akimtazama bila kumtambua mpaka Kaliza aliposalimia. Kisukari kilikuwa kimefika kwenye retina.

Aibu ilimchoma Kaliza mpaka masikioni. Yeye, mtaalamu wa macho, aliona mshono uliopinda akausoma kuwa usaliti, kumbe ni macho.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema ni waoga."

Kaliza akakaa chini, hana pa kuuficha uso, akaomba msamaha wagonjwa wote wakisikia.

"Jeli yako itaniwahi?" Maneno aliuliza.

Zamani Kaliza angejigamba. "Sijui, mpenzi. Bado tunaijaribu kwa sungura."

"Basi nishike mkono. Naiogopa sindano kweli."

Akamshika, mpaka ndani ya chumba cha sindano.

Siku wazee wa Maneno walipokuja kuposa, Kaliza alitoka amevaa gauni lile la bluu, alilomwomba Maneno amrudishie. Shangazi yake akamfuata na pini alinyooshe bega. Kaliza akamzuia, uso ukimwaka kwa aibu ile ile.

"Liache, shangazi. Hapa ndipo aliponiambia, mimi sikusikia."