Niliuchora Mlango wa Dada Mwende

Nina miaka arobaini na moja, sina mke, na Ijumaa ndiyo siku ninayoiogopa kuliko zote. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni kwanza... Mkishanisikia, nihukumuni mtakavyo.

Nilikwenda Saudia miaka ile Wakenya tulipokuwa tukisajiliwa kwa makundi. Nikapangiwa ulinzi wa geti kwenye makazi ya wageni, Riyadh. Msomi mzima wa chuo kikuu, nimesimama juani nikifungulia watu geti! Iliniuma sana. Nikanunua simu nzuri pale soko la Batha, nikajiandikisha kusoma shahada ya uzamili ya usalama wa taifa kwa mtandao. Ndoto yangu ilikuwa moja tu: nirudi nyumbani niwe afisa wa usalama wa mipaka, nivae suti, niitwe mkuu.

Mwaka wa pili nikahamishiwa Jeddah. Sikumjua mtu. Nilipougua homa, aliyeniletea uji ni Dada Mwende, Mkamba mwenzangu. Alikuwa amemtoroka madam wake aliyekuwa akimfungia ndani, kwa hiyo hakuwa na ikama, kibali cha kuishi nchini. Aliishi chumba kimoja mtaa wa Karantina, na kila Ijumaa mchana alitupikia ugali Wakenya saba, wanane, tukala sinia moja na kucheka kama tuko kwetu.

"Wee Mutua, hiyo masters itakumaliza," alinitania. "Weka simu chini, kula kwanza."

Wakati huo alishapata kafili mpya wa kumdhamini, bibi mmoja mzee aliyekubali kumshughulikia karatasi zake. Zilibaki wiki mbili awe huru kutembea barabarani. Wiki mbili tu!

Ndipo mwalimu wetu akatuagiza tuandike ripoti kuhusu pengo la usalama tunalolijua kwa karibu. Mimi nilijua nini kwa karibu? Nikaandika kuhusu Karantina. Jina la Mwende nililificha, nikamwita Mhojiwa wa Kwanza, nikajiona mjanja. Lakini mlango wake niliueleza wote... rangi ya kijani, kando ya duka la mikate, ngazi ya nyuma. Hata ramani nilichora! Nikapata alama za juu kuliko darasa zima.

Laiti ningeishia hapo. Sifa zikanipanda kichwani. Kazini ilitangazwa nafasi ya msimamizi, nikampelekea mudiri, yaani meneja wetu, ripoti ile ili ajue anafanya kazi na msomi. Aliisoma polepole, kisha akaniuliza kama mlango ule nimeuona kwa macho yangu. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema nimeutoa kitabuni. Kwa nini sikusema? Nikajibu, tena kwa kiburi, kwamba nimekula ndani yake.

Siku ya tatu mlango wa Mwende ulivunjwa na polisi, naye akachukuliwa. Wiki ileile nikapandishwa cheo.

Alinipigia kutoka kizuizini. Nilidhani ameshajua! Kumbe alitaka nimpelekee begi lake la nguo, maana, alisema, mimi ndiye pekee anayemwamini. Nililipeleka. Akarudishwa Kenya, na yule bibi mzee akatafuta mfanyakazi mwingine.

Hakuna aliyenishuku. Afadhali wangenipiga! Ugali wa Ijumaa ulihamia mtaa wa Hindawiyah, kila waliponialika nikasingizia kazi, mwisho wakaacha kunialika. Kwa miaka mitatu nilikaa kwenye chumba cha kamera nikitazama milango ya watu, nikila mkate mkavu peke yangu. Mtu anaweza kupitisha siku nzima asitamke neno, je, mnajua?

Shahada niliipata. Kazi ya mipaka pia niliipata. Navaa suti, naitwa mkuu, na jioni narudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kuniuliza kama nimekula.

Nawasihi ninyi mnaosomea kazi hizi, someni kwa bidii, nchi inawahitaji. Ila msimgeuze binadamu aliyewapokea kuwa mfano wa kupatia alama, na bosi akiwauliza jambo linaloweza kumwangamiza mtu, kiburi kisiwajibie.

Mwezi uliopita Mwende alinipigia kwa furaha. Amejifungua mvulana, naye amempa jina langu kwa sababu sikumkimbia siku ya shida. Nilimpongeza, nikakata simu, nikalia kama mtoto...

Dada Mwende, mbadilishe jina. Ni mimi niliyekuuza.