Ndizi Nyuma ya Seva

Kila asubuhi kabla ya gwaride, Nyanchera alifagia chumba cha kompyuta cha shule yao, karibu na soko la Magwagwa. Aliipenda kazi hiyo kuliko kuchota maji, kwa sababu chumba kile kilikuwa na joto. Baridi ilipomng'ata vidole, alijibanza kando ya kabati la mbao ambamo seva ilikaa ikivuma usiku na mchana kama mzinga wa nyuki.

Seva ilikuwa sanduku jeusi lisilo na skrini. Kazi zote za wanafunzi zilihifadhiwa ndani yake, na kompyuta nyingine zote chumbani zilizichukua humo kupitia nyaya.

"Hili ndilo ghala letu," Mwalimu Thadeus alipenda kusema. "Ghala likifungwa, sote tutalala njaa."

Ijumaa hiyo ghala lilifungwa. Stima ilikuwa imepotea usiku kucha. Iliporudi asubuhi, kompyuta zote ziliwaka, lakini kila moja ilisema haioni seva. Mwalimu Thadeus akabonyeza swichi ya seva. Taa iliwaka, sanduku likalia pii! kisha likanyamaza. Akabonyeza tena. Pii! Kimya.

Jasho lilimtoka Mwalimu. Adhuhuri hiyo wazazi wangekuja kutazama picha za miche ya chai iliyopandwa na Gredi ya Sita, na picha zote zilikuwa ndani ya lile sanduku.

"Nani alitoka humu mwisho jana?" aliuliza.

"Ni mimi, Mwalimu," akajibu Abner, kiranja wa chumba, mvulana asiyemruhusu hata mwalimu mkuu kuingia na viatu vya matope. "Lakini sikuigusa seva."

"Basi imejigusa yenyewe? Isipowaka kabla wazazi hawajafika, utanirudishia ufunguo. Tutatafuta kiranja mwingine."

Nyanchera, aliyekuwa ameshika ufagio, alitazama sakafu. Alijua jambo ambalo Abner hakulijua.

Mgomba alioupanda mwenyewe ulikuwa umezaa mkungu wake wa kwanza, na magokoro, yaani nyanya yake, alikuwa amemkatia chane moja. Nyanchera akawaahidi watoto wenzake wa kanisani kwamba Sabato hii wangekula ndizi tamu. Lakini nyumbani kulikuwa na kaka zake, watu wa kula ndizi hata zikiwa zinatoka utomvu. Basi Jumanne alizileta ndizi shuleni ndani ya mkoba, akazifunika kwa majani makavu ya mgomba kama magokoro afanyavyo kando ya meko, kisha akazisukuma nyuma ya seva. Ndizi zikivundikwa ziive hutaka joto, na pale joto lilikuwa la bure.

Mzee Mokua, mlinzi wa shule, alichungulia mlangoni. "Mwalimu, redio yangu ikinifanyia hivyo, huwa naichapa kofi."

Kabla hajazuiwa, aliichapa seva, akabonyeza swichi. Pii! Pii!

"Mnaona? Sasa imelia mara mbili," alisema kwa fahari. "Imeanza kusikia."

Mwalimu aliona heri ampigie simu Vivek, mwenye duka la kompyuta kule Keroka. Akaiweka simu mezani ili wote wasikie, huku Mzee Mokua akiichapa seva kofi jingine.

"Skrini inasemaje, Mwalimu?" Vivek aliuliza.

"Seva haina skrini."

"Iazimie moja! Mgonjwa anataka kueleza panapomuuma, nanyi mmemziba mdomo. Na huyo anayeichapa makofi aache. Nimemsikia."

Mzee Mokua akatia mkono mfukoni.

Abner alichomoa skrini ya kompyuta moja, akaiunganisha na seva. Maneno yakajitokeza. "Inasema feni haizunguki," akasoma.

"Hapo sasa!" Vivek akasema. "Inajizima ili isiungue. Kuna kitu kimekwama. Chomoeni waya wa stima kwanza, kisha mtazame ubavuni."

Walipoinama, Mzee Mokua alinusa. "Mwalimu, mbona seva inanukia ndizi?"

"Seva hainukii ndizi, Mzee."

"Hii inanukia. Tena zimeiva."

Mwalimu Thadeus naye alinusa, akageuka. "Abner! Kumbe unakulia chakula humu?"

"Hapana, Mwalimu, naapa!"

"Lete ufunguo."

Abner alianza kuvua kamba ya ufunguo shingoni. Ufagio ukaanguka sakafuni.

"Mwalimu, si Abner," Nyanchera alisema kwa sauti ndogo. "Ndizi ni zangu."

"Nani amesema ndizi?" simu ikauliza.

Nyanchera alipenyeza mkono nyuma ya seva, akaitoa chane, imeiva njano kama vifaranga. Kando ya pale ilipokuwa, tundu za ubavuni mwa seva zilikuwa zimevuta kipande cha jani kavu hadi kwenye feni. Mwalimu alifungua kifuniko, akakitoa kipande hicho taratibu, akarudisha kila kitu mahali pake. Abner akabonyeza swichi.

Safari hii feni ilivuma. Baada ya muda picha za miche zilionekana kwenye kompyuta zote, na simuni Vivek alikuwa bado anacheka.

Mwalimu Thadeus alimvisha Abner kamba yake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kabla sijasoma skrini."

Kisha akamgeukia Nyanchera. "Wewe utapangusa vumbi humu mpaka muhula uishe, na ndizi hazitaingia humu tena. Lakini nisikilize. Seva ilitengenezeka iliposema panapoiuma. Nasi ndivyo tulivyo. Kosa likifichwa huziba pumzi za wengine. Likitajwa, hutolewa kama kile kipande cha jani. Ungenyamaza, mwenzako angeumia bure."

"Nisamehe, Abner," Nyanchera alisema.

"Nimekusamehe," Abner akajibu. "Nipe moja."

Mzee Mokua alikuwa bado amesimama kando ya kabati, akilipapasa kwa upole. Polepole alitoa mfukoni parachichi gumu kama jiwe.

"Mwalimu," alianza, "na kama hatutumii majani..."

"Mzee," Abner alisema, akifungua mlango, "hebu tazama matope ya viatu vyako."