Mkaa Uliochoka

Tangi la chujio la maji lilikuwa wazi, kufuli limevunjwa usiku wa juzi, na ndani hakukubaki hata punje ya mkaa.

Inspekta Scolastica hakulitazama sana tangi. Alitazama watu. Kijiji kizima, kando ya machimbo ya dhahabu nje ya Mpanda, kilikuwa kimemzingira Celestin, fundi wa chujio, mzaliwa wa Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi. Shati lake lilikuwa limeshachanwa. Aliyeongoza kelele alikuwa mzee Silvesta, mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Mfunge huyo, afande. Ufunguo anao yeye, na kwao si hapa."

"Mwenye ufunguo havunji kufuli, mzee."

Watu wakanuna. Na wanune, alijisemea Inspekta. Alikuwa amechoshwa na vijiji vinavyomkamata mhalifu kabla polisi hawajafika.

Celestin alieleza. Maji ya kisima yana zebaki ya machimboni. Yakipita kwenye mkaa wa magunzi anaouchoma mwenyewe, sumu hunata kwenye mkaa, maji yakatoka salama. Kila miezi mitatu mkaa huchoka, naye huufungia kwenye mapipa yenye lakiri na kuupeleka ukafukiwe mbali. Ulioibwa ulikuwa umebakiza siku mbili tu utolewe. Nyuma ya tangi yalikuwapo magunia manne ya mkaa mpya, hayajaguswa.

Inspekta akachutama mbele ya magunia yale. Mtu anayetaka mkaa wa kupikia angebeba huu mpya. Aliyebeba uliochoka aliamini kuna kitu ndani yake, na machimboni hakuna asiyejua kwamba kwenye mitambo ya kuchenjua, mkaa ndio unaonasa dhahabu.

Akauliza ni nani aliyewahi kufanya kazi kwenye mitambo hiyo. Macho yote yalimwendea Silvesta.

Jikoni kwa Silvesta walikuta karai limejaa majivu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magunia, moshi usionekane nje. Jirani mmoja alisema mke wa Silvesta, Mama Agape, alikimbizwa hospitali jana jioni, pumzi imembana.

"Madaktari umewaambia nini?" Inspekta aliuliza.

"Nimonia."

"Nani alikuwa anachochea moto?"

Silvesta alilisogeza karai nyuma yake kwa mguu.

"Zebaki ukiichoma inageuka hewa ya sumu, mzee. Kule wanamtibia nimonia. Wewe nyamaza tu, lakini akifa, hii haitakuwa tena kesi ya wizi."

Mzee akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Ni mimi. Kila miezi mitatu anaubeba kwenye mapipa, kapiga na lakiri. Nani anapiga lakiri takataka? Nikajua huyu Mrundi anatuibia dhahabu yetu, na nyie mnamchekea."

"Umepata dhahabu kiasi gani?"

"Majivu."

Inspekta alimchukia wakati ule, wala hakuificha chuki yake. Alipiga simu hospitali, akampata daktari wa zamu, akamwekea Silvesta simu sikioni. Silvesta akasema yote, polepole. Daktari akauliza mgonjwa alikaa na moshi ule kwa muda gani.

"Tangu asubuhi mpaka saa kumi," alisema Silvesta. "Alikuwa anagonga atoke. Mimi nilikuwa nje, nimeushikilia mlango."