Tandiko la Bi Mwamini

Alhamisi tarehe 18 Septemba 1952, saa moja na robo asubuhi, Karani Mwishehe alifungua kufuli la stoo ya baraza, Kisarawe, akachungulia ndani, akatoka na ukelele uliowafanya wafagiaji waangushe mafagio. Tandiko la viraka la Bi Mwamini halikuwepo. Pale lilipokuwa limetundikwa palibaki jamvi tupu la ukutani, na miiba sita ya mlimau iliyokuwa imelishikilia ilikuwa imechomekwa pembeni, imepangwa mstari mmoja.

Na ijulikane kwanza tandiko lenyewe lilikuwa la nini, maana wapo mpaka leo wanaosema eti watu wazima waligombania matambara. Jumamosi ya wiki ile yangefanyika mashindano ya kazi za mikono za akina mama. Sharti lilikuwa moja: kila kitu kitengenezwe kwa vitu vilivyokwisha kutumika, kisha kiwe zawadi kwa wanawake wanaojifungua zahanati. Watu walileta koroboi za makopo, wanasesere wa soksi, mikoba ya nyuzi za magunia. Mshindi angepewa cherehani cha mkono, na wanawake wenye cherehani Uzaramo nzima walikuwa wa kuhesabu. Tandiko la Bi Mwamini, vipande arobaini na nane vya kanga kuukuu, lilikuwa limekwisha kushinda midomoni mwa watu kabla mwamuzi hajafika.

Kesi alipewa Zahoro, tarishi wa baraza. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tatu, mgane tangu mwaka uliopita, na alijiona kweli kweli. Aliwahi kumnasa mwizi wa mbuzi kwa kufuata kinyesi mpaka uvunguni mwa kitanda cha mtu, na tangu siku hiyo mbuzi yule hakumtoka mdomoni. Alikagua stoo. Mlango mmoja, kufuli zima. Dirisha moja dogo lenye nondo, hata paka angefikiria mara mbili.

"Ufunguo ulilala wapi?" alimwuliza karani.

"Kwa Mzee Mwinyimadi. Jana nilifunga saa kumi na moja jioni, saa kumi na moja na dakika tano nikamkabidhi mkononi. Muulize."

Mzee Mwinyimadi, hakimu wa baraza, aliulizwa, akakubali. Ufunguo ulilala chini ya mto wake. Mwishehe, ambaye mke wake naye alikuwa ameleta koroboi mbili kwenye mashindano, alishusha pumzi.

"Basi liliibwa kabla hujafunga," Zahoro alisema. "Ulipofunga ulilitazama?"

Karani alikuna shingo. "Nilikuwa na haraka. Sikutazama ukutani."

"Nani walikuwa humu mwisho?"

"Saa kumi nilitoka kuswali alasiri, mlango nikauacha wazi. Niliwaacha wawili. Bi Mwamini alikuwa anafunga uzi uliolegea kwenye tandiko lake, na yule Zubeda wa Visiga alikuwa anapanga mikoba yake. Saa kumi na dakika ishirini nilipokuwa narudi, Bi Mwamini nilipishana naye njiani. Zubeda ndiye aliyekuwa anatoka mlangoni, na furushi kichwani. Akawahi lori la mkaa."

Zahoro alirudi kwenye miiba. Mwizi wa haraka angelinyofoa tandiko, miiba ikadondoka popote. Huyu aliichomoa mmoja mmoja na kuipanga. Ni mtu wa sindano, aliwaza, mtu ambaye mkono wake hauwezi kutupa kitu kinachochoma. Mpaka hapo alikuwa sawa kabisa, na ndiyo maana alichokifanya baadaye kinauma zaidi.

Saa mbili na nusu alimwendea Bi Mwamini, nyuma ya msikiti. Mama yule wa miaka sitini ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike wa Kisarawe. Hata Mwanahalima, marehemu mke wa Zahoro, aliyemwosha alikuwa yeye.

"Shikamoo, Bi Mwamini."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa ameketi ukumbini, wala hakuinua uso.

"Pole kwa kuibiwa. Usiwe na wasiwasi, nitalipata."

"Yaishe, Zahoro. Ni matambara tu. Usimsumbue mtu."

"Yaishe? Cherehani kilikuwa chako kile! Hata mimi jana nililishika pale katikati, penye nakshi ya korosho nyekundu, nikakwambia kanga hii nzuri. Umesahau?"

"Sijasahau," Bi Mwamini alisema, akaanza kulia. Zahoro akaona huyo ni mama anayelilia kazi ya mikono yake, akapanda baiskeli kwa hasira zaidi.

Alifika Visiga saa nane mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Zubeda aliishi peke yake, ameachika, na riziki yake ilikuwa kuwafundisha mabinti kushona. Siku hiyo walikuwa saba, wameketi mkekani kibarazani. Mwanamke kama huyo ana kitu kimoja tu cha kumlinda, nacho ni jina lake. Mama gani atampeleka bintiye kwa mwizi?

"Karibu, shemeji," Zubeda alisema.

"Usiniite shemeji. Niko kazini."

Zubeda alimtazama kidogo. Zahoro alitangaza shughuli yake kwa sauti ya baraza. Majirani wakatoka. Alifungua furushi la jana: magunia matupu yaliyofungiwa mikoba. Akaingia ndani, akafungua kasha, na chini kabisa, kwenye majani makavu ya mchaichai, akatoa kanga. Ilikuwa na korosho nyekundu na madoa meupe. Akatoka nayo ameiinua juu.

"Hii je? Ndiyo iliyokuwa katikati ya tandiko! Umeipata wapi?"

"Itazame vizuri, Bwana Zahoro."

"Nimeitazama vya kutosha."

"Itazame tena."

"Jibu swali, mwanamke! Umeipata wapi?"

Zubeda aliwatazama majirani, akamtazama yeye, kisha akainamisha kichwa. "Sina la kusema hapa," alisema. Basi imekwisha. Kwa watu waliosimama pale, kuinamisha kichwa kulikuwa kukiri. Mwanne, jirani yake, alikuwa wa kwanza kumshika bintiye mkono na kumwinua mkekani, sindano ingali kwenye kitambaa. Mpaka Zahoro anapanda baiskeli yake kurudi, mkeka ulikuwa mtupu. Zubeda aliambiwa afike barazani Jumamosi saa tatu. Akionekana na hatia, habari itasomwa kila kijiji.

Jumamosi baraza lilijaa. Mzee Mwinyimadi alikaa mezani, Mwishehe na daftari lake pembeni, wanawake wa mashindano wamebanana upande wa kulia. Bi Mwamini alikuwa mstari wa mbele, amejifunika buibui mpaka puani. Zahoro alitandaza kanga mezani kwa madaha.

"Karani, soma ulivyoandika tandiko lilipopokewa."

"Vipande arobaini na nane. Cha katikati ni kanga ya korosho nyekundu, madoa meupe, kimekatwa mraba."

"Umesikia, Zubeda? Na hii ni nini?"

Mzee Mwinyimadi aliivuta kanga, akaigeuza geuza. "Zahoro," alisema polepole, "hii ina pindo pande zote nne. Haijakatwa. Kipande cha mraba kitakuwaje kanga nzima?"

Watu walicheka. Zahoro aliipima kwa mkono. Nzima, kweli. Masikio yalianza kupata moto, na mtu akipatwa na hali ile ni bora anyamaze. Yeye akaongeza sauti.

"Basi ndiyo pacha yake! Kanga huuzwa doti, mbili zinazofanana. Nyingine imekatwa ikatiwa kwenye tandiko, na hii unayo wewe. Ulinunua duka gani?"

"Sikununua. Nilipewa."

"Na nani?"

"Usiniulize hilo mbele za watu, shemeji. Nakuomba."

"Nimekwambia usiniite shemeji! Na nani?"

Zubeda alifunga macho. "Na Mwanahalima. Mkeo. Tulichezwa ngoma ya unyago pamoja Visiga, tukiwa wasichana. Alipolipata doti lile alinipa moja, yeye akabaki na moja. Alikuwa akiivaa kila Ijumaa. Miaka sita, Bwana Zahoro. Kila Ijumaa."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Ya Rabi!" akaziba mdomo. Zahoro alisimama na mkono wake ungali juu ya kanga, asijue autoe au auache. Alijaribu kumkumbuka mkewe Ijumaa yoyote. Alikumbuka sahani, alikumbuka maji ya kunawa, alikumbuka sauti ikimwambia chakula tayari. Nguo hakuiona. Aliona aibu kiasi cha kutamani mtu ampige, ili angalau watu watazame kitu kingine.

"Kwa nini hukuniambia Visiga?" aliuliza, na sauti ya baraza ilikuwa imemwisha.

"Mbele ya watu wa kwao Mwanahalima? Niwaambie mwenzetu aliolewa na mtu asiyeijua kanga yake? Nilikuonea haya. Nikasema heri nionekane mwizi siku mbili, labda utaitazama ukiwa peke yako."

Zahoro aliketi. Mzee Mwinyimadi alitaka kuahirisha, lakini Zahoro aliinua kidole. Pamoja na yote, kichwa kilikuwa bado kinafanya kazi, na sasa kilikuwa hakina tena wa kumringia.

"Kanga moja iko hapa," alisema, kama anayejisemea. "Nyingine ilikuwa ya mke wangu. Alipofariki, nguo zake nilizifunga furushi, bila hata kuzifungua. Nikampa mwoshaji, kama desturi ilivyo." Akamgeukia mama wa mstari wa mbele. "Shikamoo, Bi Mwamini."

Bi Mwamini hakuitika.

"Viraka vyote arobaini na nane, mama. Vyote ni vya nguo za marehemu uliowaosha?"

"Vyote," Bi Mwamini alisema ndani ya buibui.

Wanawake waliokuwa wamebanana naye walijisogeza, na palipokuwa hapana nafasi ikapatikana nafasi.

"Mtu aliyekuja kuiba asingeipanga miiba," Zahoro aliendelea. "Anayeipanga ni mwenye kazi yake, anayeogopa uzi usikatike. Nilikuja kukupa pole, ukaniambia yaishe. Hukuniuliza hata mwizi ni nani. Na Jumatano, karani alipotoka kuswali, Zubeda alikuwa ameinamia mikoba yake. Wewe ulikuwa umevaa buibui hilo."

"Nilijifunga tumboni nikatoka nalo," Bi Mwamini alisema. Alijifunua uso. "Nitasema. Nguo za maiti napewa mimi, nizivae au nizitoe sadaka. Nimpe nani? Mtu akiuliza ilikuwa ya nani, anairudisha. Zimejaa kasha miaka kumi na miwili. Macho yangu yanakwisha, nikasema nikipata cherehani sitaosha tena. Nikazikata. Usiku sikulala, nikiwaza vitoto vya watu vitafunikwa nguo za waliokufa, na mama zao sijawaambia. Lakini nilikaza moyo."

"Kilichokuvunja ni nini?" aliuliza Mzee Mwinyimadi.

"Yeye!" Alimwelekezea Zahoro kidole. "Jumatano karani alitangaza kwamba leo Zahoro ndiye atakayeinua kila kitu kuwaonyesha watu. Halafu Zahoro akaja akashika pale pale katikati, akasema kanga hii nzuri, akaniangalia. Nilijua ameitambua. Nilijua ananingojea Jumamosi, aniumbue mbele ya Kisarawe yote."

"Sikuitambua," Zahoro alisema.

"Sasa nimejua hukuitambua!"

"Na Zubeda aliposingiziwa?" Mzee Mwinyimadi aliuliza. "Siku mbili, Mwamini. Ulikuwa unasikia."

Mama yule alijifunika tena. Alisema tu, "Niliona haya," na kila mtu alielewa kwamba hilo si jibu, wala hakuwa akilitoa kama jibu.

Tandiko lililetwa, limekunjwa ndani ya gunia, na hakimu akasema arudi nalo mwenyewe, lisipelekwe zahanati. Adhabu ya Bi Mwamini ilikuwa kusimama na kutamka mbele ya wote kwamba Zubeda hana kosa, naye alitamka, mara tatu, mpaka wa nyuma wakasikia. Cherehani kilikwenda kwa mama mmoja wa Pangani, ile ya huku Uzaramo, aliyeleta koroboi, na vigelegele alivyopigiwa vilikuwa vya kuazima.

Zahoro alimfuata Zubeda nje. "Nisamehe," alisema.

"Hapa Kisarawe wamesikia. Visiga hawajasikia. Ulinivunjia kule, kanijengee kule kule."

Jumapili saa nne asubuhi alikuwa Visiga, kibarazani pale pale. Mkeka ulikuwa umetandikwa, hakuna aliyeukalia. Majirani walitoka, Mwanne mbele, mikono kiunoni. Zahoro alivua kofia.

"Nimekuja kusema kwamba Bi Zubeda si mwizi. Nilikosea. Mwizi amepatikana kwingine."

Watu walitazamana. Mwanne aliguna. "Na ile kanga tuliyoiona kwa macho yetu? Au umehongwa, bwana tarishi?"

Zahoro alimgeukia Zubeda, akimwomba kwa macho aishie hapo. Zubeda alikuwa amekaa mlangoni, amejifunga ile kanga.

"Waambie," alisema. "Usiposema ulikoseaje, watasema mimi na wewe tumepatana."

Nyuma ya Mwanne walikuwa wamesimama shangazi zake Mwanahalima, wawili, waliombeba siku ya harusi. Zahoro aliwaona, akawaamkia, wakaitika. Kisha akasema.

"Kanga ile ilikuwa ya mke wangu, Mwanahalima. Ndiye aliyempa Bi Zubeda. Alikuwa na ya kwake kama hiyo, akiivaa nyumbani kwangu miaka sita. Niliishika kwa mikono yangu, hapa, mbele yenu, na sikuijua."

Shangazi mmoja aligeuka akaenda zake. Wa pili alibaki, akimtazama, mpaka Zahoro akashindwa kuendelea kutazamwa. Mwanne alisimama kidogo, kisha akamsukuma bintiye mgongoni.

"Nenda kakae," alimwambia. "Mwalimu wako anakungoja."